Mwigizaji wa Sinema na Maandiko Yake

Ndugu msomaji unayekusudia kuifanya kazi ya kuigiza mbele ya kamera kuwa riziki yako, neno la kwanza ninalokuomba ulikubali kabla hatujayafikia mengine ni hili: uso mzuri, sauti ya kupendeza na bahati ya kujuana na wenye fedha huweza kumfikisha mtu kwenye filamu ya kwanza, na pengine ya pili, walakini kinachomweka mwigizaji katika sinema miaka thelathini ni maandiko, yaani riwaya alizozisoma mpaka akawajua waliomo kama anavyowajua majirani, na tamthilia alizozicheza jukwaani usiku baada ya usiku mpaka maneno ya mtunzi yakawa hayatofautikani na yake. Nayasema haya nikijua kwamba wengi wa waigizaji wetu wamekulia katika vikundi ambako kisa husimuliwa kwa mdomo, kila mtu akaambiwa nafasi yake, kisha kamera ikawashwa. Ubunifu wa papo kwa papo ni kipaji adhimu, wala sikidharau. Lakini kipaji hicho humtolea mtu kile tu alicho nacho tayari, na siku akiba itakapokwisha huanza kujirudia, ukamwona katika filamu ya kumi akilia kwa namna ile ile aliyolia katika ya kwanza.

Sidney Poitier, aliyezaliwa Miami mwaka 1927 na kulelewa katika visiwa vya Bahama na wazazi wakulima wa nyanya, alikuwa akiosha vyombo katika mikahawa ya New York alipokwenda kuomba nafasi katika kikundi cha American Negro Theatre, huko Harlem. Akapewa karatasi asome, akashindwa, kwa kuwa elimu yake ilikuwa haba na lafudhi yake ya visiwani ilikuwa nzito, akaondoshwa jukwaani kwa maneno makali. Hakwenda kutafuta mtu wa kumwombea kwa wakubwa. Alinunua redio, akawa anawasikiliza watangazaji na kuyarudia maneno yao mpaka ulimi wake ukalainika. Na usiku, wateja walipokwisha kuondoka, mhudumu mmoja mzee wa Kiyahudi aliketi naye akimsomesha gazeti neno kwa neno. Aliporudi kwenye kikundi kile aliahidi kufagia na kusafisha badala ya kulipa ada ya masomo.

Tazama sasa alichochuma kutokana na gazeti lile. Riwaya ya Alan Paton juu ya Afrika Kusini, Cry, the Beloved Country, iliyotoka 1948, ilimpatia mwaka 1951 nafasi ya kasisi Msimangu; riwaya ya Evan Hunter, Blackboard Jungle, ikamfanya 1955 mwanafunzi mkaidi ambaye watazamaji hawakumsahau; tamthilia ya Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, ikampandisha jukwaani Broadway mwaka 1959 na kwenye skrini mwaka 1961; kitabu cha William Barrett, Lilies of the Field, kikamletea mwaka 1964 tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, ya kwanza kupewa mtu mweusi; na kumbukumbu za mwalimu wa Guyana, E. R. Braithwaite, To Sir, with Love, zikamfanya mwaka 1967 kuwa mwalimu wa London. Ondoa vitabu hivyo na mchezo ule, nami sioni kingebaki kiasi gani cha kuhadithia.

Anza, basi, pale alipoanza yeye, katika kinywa. Jitengee nusu saa kila alfajiri, sauti ikiwa bado haijachoshwa na maneno ya mchana, usome kwa sauti jambo lililoandikwa na mtu anayeijua lugha kuliko wewe. Kwa Kiswahili sioni pa kuanzia palipo bora kuliko tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, iliyotoka 1963 na kutengenezwa upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, kwa sababu imeandikwa kwa mistari ya kishairi isiyo na vina, hivyo msomaji hana kina cha kujitupia mwishoni mwa mstari apumzike. Sharti aibebe fikra mpaka mahali inapokoma, na fikra za wasemaji wale aghalabu hazikomi upesi. Shika penseli, utie mkwaju mmoja pa kutua na miwili pa kuvuta pumzi, kisha urudie ukurasa ule ule juma zima, ukiihamisha mikwaju kila unapogundua kwamba umekata maana katikati ili kuyaridhisha mapafu. Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja aliyekulia akisikia tenzi zikighaniwa ana faida ya pumzi ndefu, lakini ana na dhara lake: mahadhi humfuata hata kwenye mazungumzo ya nyumbani, akamwambia mkewe katika filamu kwamba chai imepoa kana kwamba anawatangazia mahujaji wapande chombo.

Baada ya hapo nenda kwenye Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, ila huko usitafute hotuba. Tafuta mahali ambapo mhusika mkuu, baada ya kuzindukana, anaelezwa na wenzake maneno ambayo yeye mwenyewe aliyatamka akiwa amepagawa, akatambua kwamba ndani ya ahadi ya kuwashinda Wajerumani mlikuwamo na ahadi ya kuwa chini ya mtawala mwingine. Hapo mwigizaji hana kubwa la kusema mwanzoni; kazi yake ni kusikia. Nakusihi ulichukue onyesho hilo kwa uzito, maana watu hudhani kwamba kamera humsogelea anayesema, ilhali mwongozaji mwenye maarifa humsogelea anayeambiwa, na mwigizaji ambaye wakati wa maneno ya mwenzake anangoja tu zamu yake huonekana wazi kuwa anangoja.

Kuna zoezi la kuivuka njia itokayo jukwaani hadi kwenye kamera, nalo halihitaji fedha wala mwalimu. Chukua sentensi fupi, tuseme: “Mama, nimerudi.” Amua kwanza umetoka wapi, umekaa huko muda gani, na mama alikuwa na haki gani ya kudhani hutarudi. Kisha iseme mara ya kwanza kama uliye katika ukumbi wa watu mia tatu, mtu wa safu ya nyuma asikie hata herufi ya mwisho, bila kupiga kelele. Mara ya pili iseme kwa mtu aliyeketi ng'ambo ya meza, ukipunguza sauti lakini usipunguze haja ya kusikiwa. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, maana wakipunguza sauti hupunguza na nia, wakanong'ona maneno yasiyo na mwenyewe. Mara ya tatu usiseme kabisa. Kitazame kiti anachoketi mama, uyaache maneno yapite machoni. Ikiwa maana imetoweka pamoja na sauti, basi hukuwa na maana tangu mwanzo, ulikuwa na sauti tu. Rudi kwenye maandishi ukaitafute.

Riwaya nayo ina namna yake ya kusomwa, na namna hiyo si ya mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Tuseme umeitwa kwenye usaili wa filamu iliyotokana na kitabu, kama waigizaji walioitwa na Amil Shivji alipoigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021. Soma kitabu mara ya kwanza kama msomaji yeyote, bila kalamu, ukubali kufurahi na kukasirika. Mara ya pili soma na daftari, ukimfuata mtu mmoja tu. Ukiwa unamtafuta Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee Raza naye angali mdogo, usiandike sifa zake, kwa maana “mpole” na “jasiri” havichezeki. Andika vitendo na vitu: anaogopa kukutana na nani njiani, anakaa vipi katika nyumba ya Mwajuma ambayo si ya jamaa zake, mikono yake imezoea kazi gani na kazi gani haijawahi kuigusa, anajua nini juu ya siasa za Unguja kabla hajamjua Denge, na baada ya kumjua ni neno gani jipya limeingia kinywani mwake. Mara ya tatu weka kitabu na skripti pamoja mezani, uhesabu yaliyoachwa. Skripti hutupa kurasa nyingi za mawazo, kwa kuwa mawazo hayapigiki picha. Lakini mawazo yale yaliyotupwa ndiyo mali yako wewe mwigizaji, na hakuna atakayekunyang'anya.

Daftari hilo lina faida nyingine ambayo mtu wa jukwaani haijui mpaka afike kwenye upigaji wa picha. Tamthilia huchezwa kuanzia pazia linapofunguka hadi linapofungwa, na hasira ya onyesho la nne huzaliwa na maneno ya onyesho la tatu; filamu hupigwa kwa kufuata nyumba iliyokodiwa, jua, na siku ambazo mwigizaji fulani yupo mjini, hata ukajikuta asubuhi unamzika mume ambaye alasiri ndiyo utakutana naye mara ya kwanza. Asiyekuwa na ramani ya mhusika wake hupotea. Andika kwa kila tukio mistari mitatu: nimetoka wapi sasa hivi, nimejua nini ambacho jana sikukijua, mwili wangu una hali gani. Ukiulizwa na mtu wa mavazi kama jeraha la mkono lilikuwa limekwisha kupona, utakuwa na jawabu.

Lupita Nyong'o, mtoto wa Wakenya aliyezaliwa Mexico na kukulia Nairobi, alimwigiza Patsey katika 12 Years a Slave ya mwaka 2013, filamu iliyotokana na masimulizi ambayo Solomon Northup aliyatoa mwaka 1853 baada ya kuokoka utumwani Louisiana. Northup hamwelezi Patsey kwa machozi peke yake. Anaeleza vidole vyake, vilivyokuwa vyepesi kuliko vya mtu yeyote shambani, hata akaweza kuchuma pamba ratili mia tano kwa siku, na anaeleza jinsi alivyosimama wima, mwenye majivuno ambayo mijeledi haikuyamaliza. Mwigizaji akisoma hapo amekwisha kupewa mikono na mgongo, na ukimtazama Patsey wa filamu akiwa shambani utaviona vyote viwili. Nafasi ile ilimpa Oscar mwaka 2014, nayo ilikuwa filamu yake ya kwanza kubwa. Lakini usidanganyike na neno “ya kwanza”, kwani alikuwa amemcheza Juliet Nairobi akiwa na miaka 14, katika mchezo wa kikundi cha Phoenix Players, na alikuwa ametoka tu kuhitimu chuo cha maigizo cha Yale mwaka 2012.

Onyo moja, nalo nitalipitia haraka kwa kuwa ni la adabu tu. Usiende kwa mwongozaji na kitabu mkononi ukimwambia kwamba kitabuni haikuwa hivi. Anajua. Uliyoyasoma yatie katika mwendo na macho, uache yeye aulize umeyapata wapi.

Nafasi ya jukwaani inayokwenda kuwa filamu ina neema na hatari yake. Neema ni kwamba mwigizaji amekwisha kuishi na mhusika mbele ya watu, na watu wamemfundisha, maana ukumbi ukicheka mahali asipotarajia anajua kuna jambo hakulielewa. Waliocheza A Raisin in the Sun mwaka 1959, akina Poitier, Claudia McNeil, Ruby Dee na Diana Sands, waliingia katika filamu ya 1961 wakiwa familia tayari, na chumba kile kidogo cha Chicago kinaonekana kimekaliwa. Poitier alikuwa ameshindana na mtunzi na mwongozaji wa jukwaani juu ya jambo zito, kwani yeye aliona kwamba mchezo ni wa Walter Lee, kijana wa nyumba ile, na wao wakaona kwamba ni wa mama. Sikutajii kisa hiki ili ukagombane na watunzi. Nakitaja kwa sababu mwigizaji asiyemtetea mhusika wake hata kwa kukosea hubakia msomaji wa maneno ya watu.

Hatari ni ukubwa. Kilichohitaji mkono mzima jukwaani, mbele ya kamera huhitaji kidole. Viola Davis na Denzel Washington walicheza Fences ya August Wilson huko Broadway mwaka 2010, wakapata tuzo ya Tony kila mmoja, na mwaka 2016 Washington akaiongoza filamu yenyewe pamoja na wenzao kadhaa wa jukwaani. Litazame onyesho ambamo Rose anamwambia mumewe kwamba na yeye alikuwapo hapo miaka yote hiyo, amesimama mahali pamoja naye. Davis anatokwa na machozi na kamasi, wala hajifuti. Jukwaani kamasi hiyo isingeonekana hata na safu ya tatu, bali sauti ingelibeba lote, na kwenye skrini sauti inavunjika, uso ukaibeba kazi iliyobaki. Maneno ni yale yale ya Wilson, aliyefariki mwaka 2005 akiwa amekwisha kuyaandika kwa ajili ya filamu. Fanya hivi ukipata mchezo na filamu yake: soma kurasa za onyesho moja, litazame mara mbili, mara ya pili ukiwa umeizima sauti, uandike kila jambo ambalo mwili umesema na maandishi hayakulisema.

Sasa nataka nikae kidogo juu ya nafasi ndogo, kwa kuwa ndizo tutakazopewa wengi wetu, hasa zinapokuja filamu za wageni kupigwa picha katika nchi zetu. Kitabu cha Karen Blixen juu ya shamba lake la kahawa chini ya vilima vya Ngong kilitoka 1937, na filamu ya Out of Africa ikapigwa Kenya na kutoka 1985. Humo kitabuni Kamante, mtoto wa Kikikuyu mwenye vidonda miguuni aliyetibiwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti, akarudi Mkristo na hatimaye akawa mpishi hodari, amepewa sura nzima. Katika filamu amepewa dakika chache. Mwigizaji mvivu atazicheza dakika hizo kama mtumishi wa kawaida anayebeba sahani. Mwenye bidii ataisoma sura ile, kisha hatakomea hapo, kwa sababu mwandishi wa kitabu alikuwa mwenye shamba, naye aliona alichokiona kutoka kwenye baraza yake. Kamante Gatura mwenyewe alisimulia mambo yake uzeeni, yakakusanywa na Peter Beard na kutoka mwaka 1975 kwa jina la Longing for Darkness. Mtu mmoja, vitabu viwili, na kati ya vitabu hivyo mna nafasi kubwa ya mwigizaji kusimama bila neno hata moja, akiiangalia sahani anayoipeleka mezani, huku akijua jambo ambalo waliomo mezani hawalijui.

Uliza daima nani ameandika, na ameandika akiwa upande gani. Poitier mwenyewe alimwigiza Kimani katika Something of Value ya mwaka 1957, filamu juu ya vita vya Mau Mau iliyotokana na riwaya ya Robert Ruark, Mmarekani aliyekuja Kenya kuwinda na aliyeyaona mambo zaidi kwa jicho la walowezi. Nafasi kama hiyo yafaa kukubaliwa, kwa maoni yangu, na mtu aliyekwisha kusoma na yale ambayo kitabu kimeyanyamazia. Asiyeyasoma na aikatae, kwani atatumiwa na hatajua ametumiwa kwa lipi.

Ukipata jina, usilihame jukwaa. Nyong'o baada ya Oscar yake alirudi kwenye Eclipsed ya Danai Gurira, mchezo ambao mwaka 2009, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa mwigizaji wa akiba tu, akaucheza New York mwaka 2015 na kufika nao Broadway mwaka 2016. Na mwaka 2025 akamcheza Viola wa Shakespeare katika bustani ya Central Park, ndugu yake Junior akimcheza pacha wake Sebastian, na Kiswahili kikasikika baina yao, chini ya mwongozaji Saheem Ali, naye mzaliwa wa Kenya. Jukwaa humrudishia mwigizaji pumzi ambayo sinema, kwa vipande vyake vya dakika mbili mbili, humkatakata.

Na ukipata fedha kidogo, tafuta kitabu. Nyong'o alijipatia mapema haki ya kuigeuza Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie kuwa filamu. Kazi hiyo ikapangwa kuwa tamthilia ya televisheni, ikavunjika mwaka 2020 kwa sababu ratiba zilivurugwa na maradhi ya korona, ila njia aliyoifuata ni sahihi, kwani mwigizaji mwenye haki ya kitabu hangoji kuitwa. Washington amefanya vivyo kwa tamthilia za Wilson, zikatoka Ma Rainey's Black Bottom mwaka 2020 na The Piano Lesson mwaka 2024. Riwaya za Kiswahili zinazongoja ni nyingi. Mwendee mtunzi au warithi wake na mchapishaji kwa heshima, usiende na maneno matupu ya kwamba mtaelewana baadaye. Mkataba useme haki ni ya miaka mingapi, ni ya filamu au ya tamthilia ya vipindi, ni ya lugha zipi, nani atamlipa mwandishi wa skripti, na haki itarudi kwa nani ikiwa muda utakwisha kabla picha haijapigwa, kisha utiwe saini mbele ya mwanasheria kabla hujamtafuta hata mpiga picha.